Dada yangu na mbio zilizokatizwa

Nilikuwa nyumbani Sumbawanga mapumzikoni. Jioni moja nikapita Uwanja wa Nelson Mandela, nikakuta vijana wa sekondari, wasichana kwa wavulana, wakijifua kwa ajili ya UMISSETA. Nikamkumbuka dada.

Dada alikuwa na mbio hasa! Sumbawanga iko karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na sisi watoto wa Ufipa tulikimbia huko juu bila kujua kwamba huo ni mtaji. Nyanda za juu za Karatu ndizo zilizomlea Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974. Mwaka 1980 yeye na Suleiman Nyambui walileta medali za fedha kutoka Moscow. Hadi leo Tanzania haijapata nyingine za Olimpiki.

Akiwa shule ya msingi, dada aliitwa kambi ya mkoa ya UMITASHUMTA. Walilala madarasani na wenzao wa Nkasi na Mpanda (Mpanda ilikuwa Rukwa kabla Katavi haijazaliwa mwaka 2012). Hakushinda kitu. Lakini yule aliyekuwa akisalimia wageni huku ameinama, alirudi anaongea mbele ya watu.

Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 2000, michezo hiyo ikapigwa marufuku kwa hoja kwamba inakula muda wa masomo. Iliporudishwa, dada alishamaliza shule.

Tumekosea na upande wa pili pia. Serengeti Boys waliondolewa fainali za Afrika za vijana za 2005 kwa sababu ya umri. Tunamfundisha kijana nini tukimwambia adanganye hata siku yake ya kuzaliwa? Waliomfungia dada na wanaoghushi vyeti wote wanasahau kwamba yule bado ni mtoto anayekua.

Mwaka 2022 Serengeti Girls waliifunga Ufaransa 2-1 kule India, wakafika robo fainali ya Kombe la Dunia. Nilifurahi sana. Ila nawaza pia wale walioachwa kambini: nao wamerudi nyumbani na kitu?

Siku hizi dada anampima binti yake mbio kwa saa ya simu. Nilimuuliza kama anataka medali. Akacheka: "Nataka aende kambi."

Mnasemaje, wadau?