Kitumbua hadi Ziwa Mweru

Ukisikia vitumbuwa vikiuzwa Nchelenge, kando ya Ziwa Mweru nchini Zambia, usitarajie tui wala iliki. Umoja wake ni chitumbuwa: unga wa ngano, sukari, hamira na maji, rojo zito linalochotwa kwa mkono na kudondoshwa kwenye mafuta mengi ya moto. Kitumbua cha pwani ni cha mchele uliolowekwa, na huiva katika chuma chenye vishimo. Sioni sababu ya kumsahihisha Mzambia. Neno likisafiri hula unga wa huko. Tena vyote viwili vinafaa nyumba yenye wageni wengi: koroga usiku, funika, rojo liumuke watu wakiwa wamelala. Alfajiri kazi ni kukaanga tu, chai ikichemka pembeni.