Windows: ununue leseni mpya au upandishe uliyonayo?

Swali hili nimeulizwa na watu watano ndani ya wiki mbili, wengine hata majina yao siyajui, tunakutana tu kafe: "Oya, Windows 10 wameshaifungia, sasa ninunue leseni ya 11 au nipandishe tu hii niliyonayo?" Nimechoka kujibu kwa vipande vipande huku dakika za mtu zinahesabiwa pale kaunta, kwa hiyo naandika yote hapa.

Jibu langu fupi: kabla hujatoa hata shilingi, jua kwanza una leseni gani. Wengi wenu mnayo na hamjui. Wengine mnadhani mnayo, kumbe hamna kitu. Mimi nilikuwa nayo, na nusura nilipe elfu sitini kununua kitu kilichokuwa ndani ya laptopu yangu siku zote.

Ilikuwa hivi. Mwaka 2023 nilinunua laptopu ya mtumba Kariakoo, ThinkPad T480, zile zinazokuja kwenye makontena baada ya ofisi za ng'ambo kuzichoka. Muuzaji akaniwekea Windows 10, akaweka na programu za kuandikia, na magemu, nikaondoka nacheka. Baada ya miezi kadhaa, kona ya chini ya skrini yakatokea yale maandishi ya kijivu yanayokudai uamilishe Windows, yaani uisajili ikubalike kwa Microsoft. Nikaenda kwa fundi mmoja wa mtaani. Akachomeka flashi, akazima antivairasi, akabonyeza mara mbili, maandishi yakapotea. Elfu tano. Baada ya nusu mwaka yakarudi. Elfu tano nyingine. Mara ya tatu akaniambia, "Dogo, acha kuhangaika, chukua leseni orijino, ninayo ya elfu sitini, ya maisha."

Kumbe ile nusu mwaka haikuwa bahati mbaya. Microsoft wana njia ya kusajili kompyuta za makampuni makubwa inayoitwa KMS. Kompyuta haiwaulizi Microsoft, inaiuliza seva ya kampuni yake, na ruhusa inayopewa inadumu siku 180 kama haikuombwa upya. Kile kidude cha kwenye flashi ya fundi kinajifanya ndiyo seva ya kampuni. Siku kikifutwa au antivairasi ikikinasa, zile siku 180 zinaanza kuyeyuka, zikiisha unarudi kwa fundi na elfu tano yako.

Lakini kilichonitisha zaidi ni ile kuzima antivairasi. Desemba 2021 kampuni ya usalama ya Red Canary ilieleza jinsi vifurushi feki vya KMSPico, kimojawapo cha hivi vichakachuzi, vilivyokuwa vikibeba kirusi kiitwacho Cryptbot. Kazi yake ni kukomba nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari na kuzituma kwa wenyewe. Sasa wewe unayekaa kafe ukijaza fomu ya mkopo wa chuo, au ukiingia kwenye barua pepe yenye vyeti vyako vyote, jiulize mashine hiyo ilisajiliwa kwa flashi ya nani. Mimi sikuwahi kujiuliza. Nilibadilisha nywila zangu zote usiku uleule.

UNA LESENI GANI?

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika slmgr /dli kisha Enta. Subiri kidogo, kitatokea kidirisha. Usihangaike na mengine, tafuta mstari wenye neno "channel".

Ukiona OEM_DM, hiyo ni leseni iliyokuja na kompyuta kutoka kiwandani. Ufunguo wake umeandikwa kwenye chipu ya ubao mkuu, ndiyo maana kompyuta nyingi tangu enzi ya Windows 8 hazina tena stika ya namba chini ya tumbo. Leseni hii ni ya mashine ile tu. Ubao ukiungua umeme ukirudi kwa fujo, imekwenda nao.

Ukiona RETAIL, ni leseni ya dukani, au ile ya kidijitali ambayo Microsoft wanaitambua kwa vifaa vya mashine yako. Uliyoinunua dukani kihalali unaweza kuihamishia kwenye kompyuta nyingine, mradi uitoe kwenye ya kwanza.

Ukiona VOLUME_KMSCLIENT, na wewe si mfanyakazi wa benki wala chuo kikuu kilichokupa mashine hiyo, basi ndugu yangu umeuziwa changa la macho. Yangu ilisema hivyo hivyo.

Kuna amri nyingine, slmgr /xpr, inakuambia kama usajili ni wa kudumu au una tarehe ya kuisha. Ikikupa tarehe, umeshajua. Ikisema wa kudumu usishangilie bado, maana siku hizi wachakachuaji wana njia za kuandika hivyo pia.

Sasa hapa ndipo penye utamu, na hiki fundi hakuniambia. Hata kama Windows iliyomo ni ya kuchakachua, ufunguo wa kiwandani bado unaweza kuwa umelala kwenye chipu. Fungua PowerShell (iandike tu kwenye sehemu ya kutafutia) halafu weka mstari huu kama ulivyo:

(Get-CimInstance SoftwareLicensingService).OA3xOriginalProductKey

Zikitokea herufi na namba 25 zilizogawanywa kwa vistari, hiyo ndiyo leseni iliyolipiwa kiwandani na yule mwenye ofisi aliyeinunua laptopu mpya. Usiipige picha ukaituma kwenye magrupu. Ikiwa patupu, hakuna.

Mimi zilitokea. Nilikaa nazitazama kama dakika mbili hivi. Laptopu iliondoka kiwandani na Windows 10 Pro halali kabisa, muuzaji akaifuta akaweka ya kampuni, toleo la Enterprise, kwa sababu flashi yake ina hiyo moja na anaipachika kwenye mashine zote. Sidhani hata alikuwa na nia mbaya. Ndiyo flashi aliyonayo.

KUPANDISHA MAANA YAKE NINI

Zamani jambo hili lilikuwa la maboksi. Windows 7 ilipoingia sokoni tarehe 22 Oktoba 2009, kule Marekani boksi kamili la Home Premium liliuzwa dola 199.99 na boksi la kupandishia dola 119.99. Ile nafuu ya dola 80 haikuwa zawadi. Ulikuwa unalipa pungufu kwa sababu tayari unayo XP au Vista halali, na ile ya zamani inamezwa na mpya. Huwezi kupandisha halafu CD ya XP ukampa mdogo wako aitumie kwenye kompyuta yake.

Kisha Windows 10 ikatoka tarehe 29 Julai 2015, wakaigawa bure mwaka mzima kwa wenye Windows 7 na 8.1 halali. Waliochakachua nao waliweza kupanda, lakini Microsoft walisema wazi kwamba aliyekuwa hana leseni atabaki hana leseni. Hapo ndipo wengi tunapojidanganya mpaka leo. Kupandisha hakusafishi kitu. Ukipandisha feki unapata feki mpya.

Kutoka 10 kwenda 11 hakuna tena boksi la kupandishia. Kama Windows 10 yako ni halali na mashine inakidhi masharti, unapanda bure. Anayekuuzia "leseni ya kupandisha 10 kwenda 11" anakuuzia hewa. Kinachouzwa bado kwa jina hilo ni kutoka Home kwenda Pro, dola 99 kwenye duka la Microsoft Marekani. Pro inakupa kufunga diski kwa BitLocker, kuiendesha kompyuta yako ukiwa mbali, na kuiunga kwenye mtandao wa kampuni. Kama kazi yako ni kuandika, kuperuzi na kuangalia muvi, hizo dola 99 nunua bando.

Nani ana haraka ya kuhama? Mwenye Windows 10. Ilifikia mwisho tarehe 14 Oktoba 2025, maana yake matundu mapya ya usalama yakigunduliwa hayazibwi. Wa Windows 7 ninyi mlishaachwa tangu Januari 2020. Na msije na ile hoja ya "mbona inafanya kazi". Mei 2017 WannaCry iliingia duniani kupitia tundu ambalo Microsoft walikuwa wameshalizibia kiraka tangu Machi, ikawapata ambao hawakukiweka. Kompyuta zao nazo zilikuwa zinafanya kazi vizuri tu asubuhi ile.

MASHARTI YA 11

RAM isiyopungua GB 4 (mimi nasema 8, kwa 4 utalia), diski ya GB 64, TPM 2.0, Secure Boot, na prosesa iliyo kwenye orodha yao. Hapo kwenye prosesa ndipo wengi tunapokwama. Kwa Intel, kwa jumla ni kizazi cha nane kwenda juu. Soma namba baada ya kistari: i5-8250U ni kizazi cha nane, i5-6300U ni cha sita. Zinazoanza na 10, 11, 12 ni vizazi hivyo hivyo, kwa hiyo i5-1035G1 ni cha kumi, si cha kwanza, usikatae mashine nzuri. Kwa AMD, Ryzen za mfululizo wa 2000 ndipo orodha inapoanzia kwa nyingi. Kama prosesa inakubalika lakini unaambiwa TPM haipo, ingia kwenye mipangilio ya BIOS kwanza, mara nyingi imezimwa tu, na kwenye Intel utaikuta kwa jina la PTT.

Najua kuna njia za kulazimisha 11 kwenye mashine isiyokubalika. Nimezijaribu. Inaingia. Ila Microsoft wanasema mashine hiyo haina haki ya kupata apdeti, na apdeti ndiyo sababu nzima ya kuhama, sasa umehama ili iweje?

KUNUNUA KUNA MAANA LINI

Dada yangu ana duka la kuchapisha na kutoa kopi, kompyuta yake ya mezani ni i5-6500. Kizazi cha sita, haiendi 11. Akanitumia ujumbe: "Mdogo wangu, nimeshatenga hela ya leseni, niambie ninunue ipi." Windows 11 Home kwenye duka la Microsoft Marekani ni dola 139, Pro dola 199. Ile ya chini kabisa inavuka laki tatu kwa hela yetu. Nikamwuliza hiyo kompyuta akiiuza leo atapata ngapi. Hakujibu mpaka kesho yake.

Kununua leseni kamili kunaeleweka kama umejiundia mashine mpya kwa vipande, au una laptopu nzuri ya kizazi kipya isiyo na ufunguo kwenye chipu. Hapo chukua ya dukani inayohamishika, maana bei hiyo huwezi kuiacha ife na ubao. Lakini laki tatu na ushee kwa mashine isiyoweza hata kuipokea 11? Kwa bei nilizoulizia Kariakoo, ongeza kidogo juu ya hizo upate laptopu nzima ya kizazi cha nane yenye ufunguo wake ndani. Nenda na ule mstari wa PowerShell umeuandika kwenye karatasi, mwambie muuzaji aiwashe, ujaribu palepale kabla ya kutoa hela. Akikukatalia, duka la pili halipo mbali.

Zile funguo za elfu thelathini au sitini kwenye Telegram na kwa mafundi, nyingi zinachomolewa kwenye mikataba ya makampuni na kugawiwa watu kibao. Zinafanya kazi leo, siku Microsoft wakiufunga ufunguo huo unabaki na risiti, kama ulipewa. Na stika za Windows 7 ambazo watu walikuwa wanazitumia kusajilia 10 na 11, mlango huo ulifungwa Septemba 2023.

Kuna njia ya kati: Microsoft walitangaza mwaka mmoja wa ziada wa viraka kwa Windows 10, hadi tarehe 13 Oktoba 2026, kwa dola 30, au kwa pointi 1,000 za Rewards, au bila malipo ukihifadhi mipangilio yako kwenye akaunti yao. Huko ni kununua muda tu.

Wenye kafe neno moja: masharti ya Windows ya kawaida hayaruhusu kuikodisha kwa saa, hata ikiwa orijino. Mwaka 2010 Microsoft walianzisha leseni ya pembeni kwa ajili ya biashara hizo. Sijawahi kumkuta mwenye kafe mtaani kwetu aliyewahi kuisikia.

Ya dada tumeiwekea Linux Mint. Ni bure, haina ufunguo wala maandishi ya kijivu, na LibreOffice inafungua faili za wateja, ingawa majedwali mengine ya Word yanachezacheza na lazima uyanyooshe kabla ya kuchapisha. Wiki ya kwanza alinipigia simu kila siku, wiki ya pili mara moja, kuhusu printa. Watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishatutafsiria OpenOffice kwa Kiswahili, Jambo OpenOffice, miaka ya 2004 na 2005 huko, kwa hiyo programu huria si ngeni kwetu kama tunavyojifanya.

Ya kwangu: nilihamishia kazi zangu zote kwenye diski ya nje, nikapakua Windows 11 kutoka kwa Microsoft wenyewe kwa ile zana yao ya kutengenezea flashi (flashi ya GB 8, na bando liwe la usiku, inakula kama GB 6), nikafuta kila kitu nikaanza upya. Haikuniuliza ufunguo. Iliusoma kwenye chipu, ikachagua Pro yenyewe, na nilipoiunga mtandaoni ikajisajili. slmgr /dli sasa inasema OEM_DM. Nimetumia hela ya bando tu.

Fundi nilimwonyesha. Akanyamaza kidogo, halafu akaniomba ule mstari wa PowerShell, nikamwandikia.

Kama unaujaribu leo, weka kwenye maoni modeli ya laptopu na kama ufunguo umetokea au patupu. Ufunguo wenyewe usiuweke jamani.