Sindano Thelathini Kwenye Kibofu

Nimekuwa kimya, mitihani ilinibana kweli kweli. Leo narudi na stori ya historia, ingawa mimi ni mtu wa udaktari.

Likizo iliyopita nilienda kumwona baba mdogo, yule aliyeumia uti wa mgongo alipoanguka kwenye mwembe. Kila baada ya saa chache anapitisha mpira kutoa mkojo, na bado unamponyoka. Nikamwambia kuna dawa ya kuchoma ndani ya kibofu. Akaniuliza, "Sasa mwanangu, si mpira ninao? Kwa nini wasiimwage tu humo humo?" Nikakosa jibu.

Dawa yenyewe jamani ni sumu. Miaka ya 1820 daktari Mjerumani, Justinus Kerner, aliandika kuhusu watu waliokufa kwa soseji zilizoharibika, akabashiri kuwa sumu ile siku moja itatibu. Na kweli, mwaka 1980 Alan Scott wa San Francisco alitangaza kwamba ameitumia kwa wenye makengeza. Sumu hii huzuia neva zisitoe kemikali inayoamuru msuli ukaze.

Kwenye mkojo walianzia mlangoni. Mwaka 1988 Dennis Dykstra na wenzake, Marekani, waliichoma kwenye msuli unaofunga njia ya mkojo, maana kwa wagonjwa wao msuli ule ulikuwa unabana wakati kibofu kinasukuma. Mwaka 2000 Brigitte Schurch na wenzake, Zürich, wakahamia kwenye ukuta wa kibofu chenyewe: sindano kama 30, kupitia mrija wenye kamera. Wagonjwa wao walikuwa wa uti wa mgongo, wanaotumia mpira. Kati ya 19 waliopimwa baada ya wiki 6, 17 hawakuvuja tena! Marekani ikaidhinisha njia hiyo mwaka 2011, na mwaka 2013 ikaruhusu dozi ndogo, uniti 100 kwa sindano 20, kwa watu ambao neva zao ni nzima ila kibofu kina papara. Baada ya miezi kadhaa nguvu inaisha, unarudia.

Na kumwaga je? Wamejaribu. Taiwan waliifunga kwenye vifuko vidogo sana vya mafuta, Iran wakaisukuma kwa umeme kwa watoto waliozaliwa na kasoro ya uti wa mgongo. Shida ni kwamba molekuli ya sumu ni kubwa mno, na ngozi ya ndani ya kibofu imeumbwa isipitishe kitu, la sivyo mkojo ungeturudia mwilini. Kule Taiwan safari za chooni zilipungua na mkojo haukukwama, ila kuhusu kuvuja jibu halikuwa wazi.

Hapo ndipo nilipoelewa. Ubaya mkubwa wa sindano ni kwamba kibofu kinaweza kulegea mpaka ushindwe kukojoa, ukalazimika kutumia mpira. Kwa anayekojoa mwenyewe hiyo ni hasara, ndiyo maana kumwaga kungemfaa sana. Baba mdogo mpira anao tayari! Sindano inamfaa yeye kuliko wengi.

Jana nikampigia nikamweleza yote. Akasikiliza, akacheka kidogo, kisha akauliza, "Bei gani?"

Hapo nikanyamaza tena. Haya wadau, tuonane wiki ijayo.