Viko au Vinyago?
Viko hivi vimechongwa kutoka kwenye kinundu cha mzizi wa Erica arborea, kichaka cha nchi za Mediterania. Kinundu hicho ni kigumu na hakiungui upesi. Jijini Copenhagen, mchongaji Sixten Ivarsson (1910–2001), mzaliwa wa Sweden, alifuata mistari ya mti ndipo akatoa umbo. Mchongaji mwingine, Preben Holm (1947–1989), alivuka mpaka wa desturi: tazama ukingo wa juu, gamba lenye vipelevipele halikupigwa msasa. Miaka ya 1970 viko vyake vilipata wanunuzi wengi Marekani. Baadhi ya wakusanyaji huviona vinyago vizito, vya kabatini tu. Wengine huvipenda kwa kuwa hawataki kiko kinachofanana na cha jirani. Kwa macho, Holm; kwa mvutaji, Ivarsson. Tafadhali usiguse: mafuta ya vidole hufifisha mng'ao.