Pikipiki ya Mbao: Kabla Ucheke, Soma Hii Kwanza

Kuna kitu fundi wako wa boda pale Ukunda pengine hajawahi kukuambia: pikipiki ya kwanza duniani kutembea na injini ya petroli ilikuwa ya mbao. Fremu mbao, magurudumu mbao yamevishwa pete za chuma. Kwa hivyo ukiona kijana wa Msambweni ameunda nduthi ya mbao na mbogi nzima inamchekelea, jua yeye ndiye anafuata mila. Nyinyi wa Boxer mmekuja juzi.

Hiyo ya kwanza iliundwa Ujerumani mwaka wa 1885 na wasee wawili, Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach. Waliiita Reitwagen, yaani gari la kupanda kama farasi. Injini ilikuwa sisi 264, na nguvu yake ni nusu ya farasi mmoja. Kando kulikuwa na vigurudumu viwili vidogo vya kuzuia isianguke, kama vile vya baiskeli ya mtoto wa nasari. Novemba mwaka huo Daimler akampa kijana wake Paul, tineja bado, aitoe rodi. Mwendo wake wa juu ulikuwa kama kilomita 12 kwa saa. Msee anayekimbilia feri ya Likoni saa 1 asubuhi anaipita hiyo na bado anatafuta chenji mfukoni.

Shida ilikuwa moja. Injini ya zamani ilikuwa inawashwa na kijibomba kinachopashwa moto mpaka kiwe chekundu, na kijibomba chenyewe kilikuwa chini ya kiti. Kiti kikashika moto Paul akiwa juu yake. Hiyo, manze, ndiyo safari ya kwanza ya pikipiki katika historia ya binadamu: dere anakimbia huku anachomeka makalio. Na zile unazoona kwa makumbusho leo ni nakala tu. Yenyewe iliungua kiwanda kiliposhika moto 1903. Ilizaliwa na moto, ikaondoka na moto.

Ile ya kwetu inaitwa chukudu

Usidhani hii ni stori ya wazungu wa zamani. Nenda Goma, mashariki mwa Kongo, ambako utabonga Kiswahili na utaelewana na kila mtu, hata kama wao watakushangaa kidogo na "mambo vipi" yako. Pale barabarani utakutana na chukudu: chombo cha mbao cha magurudumu mawili, kirefu kama mtu amelala, kina usukani unaofanana na pembe za ng'ombe. Hakina injini wala pedali. Dere anaweka goti moja juu ya ubao, mguu wa pili unasukuma lami. Mlimani anashuka na kusukuma kwa mikono. Kwa mteremko anakaa juu na kumwachia Mungu.

Chukudu zilianza kuonekana Kivu Kaskazini miaka ya 1970, wakati uchumi wa Zaire ya Mobutu ulikuwa umeanza kukauka. Mbao ni ngumu, mikaratusi ikiwa mojawapo, na gurudumu linavishwa kipande cha tairi kuukuu ili lishike barabara. Mzigo unaobebwa ni mamia ya kilo: viazi, kabichi, makaa, kuni, hadi mbao zenyewe. Boda yako haiwezi. Na breki? Ni kipande cha tairi kimepigiliwa karibu na gurudumu la nyuma, dere anakikanyaga na mguu. Basi. Ni hicho tu kinasimama kati yake na lori lililo mbele.

Mwaka wa 2009 Goma walisimamisha sanamu ya rangi ya dhahabu katikati ya mzunguko wa barabara: msee anasukuma chukudu. Ni familia ngapi zimelipa karo na kodi ya nyumba kwa kile kipande cha mti, hadi kikapewa sanamu? Sisi huku Pwani bado hatujamjengea sanamu dere wa boda, na sisemi tujenge, nasema tu.

Kwingine duniani hii kitu imekuwa mchezo. Banaue, Ufilipino, wanakijiji wana skuta za mbao zilizochongwa vichwa vya wanyama, na kwa sherehe yao ya Imbayah wanashindana kuteremka nazo milimani wakiwa wamevaa nguo za kiasili. Ukiona video, utashika kifua.

Watu wa kasi wana vichekesho vya aina yao

Sasa twende upande wa pili wa stori, wale watu ambao kazi yao ni moja: kukimbia mstari ulionyooka haraka kuliko binadamu yeyote. Hakuna kona, hakuna wa kumpita. Ni wewe, ardhi tambarare na saa. Wengi huenda Bonneville, jimbo la Utah kule Marekani, ambapo kuna uwanda wa chumvi mweupe kama mchanga wa Diani saa 6 mchana. Rekodi ya pikipiki iliwekwa pale Septemba 2010 na Rocky Robinson: kilomita 605 kwa saa, kwa chombo kinachoitwa Ack Attack chenye injini mbili za Suzuki Hayabusa. Ukitoka nacho Likoni, unafika Lunga Lunga kabla chai yako ipoe.

Ungedhani watu kama hao ni wakali, wamekunja uso. Wapi! Mcheki Rollie Free. Mwaka wa 1948 alikuwa anajaribu kuvuka maili 150 kwa saa na pikipiki ya Vincent. Raundi ya kwanza upepo ukararua suti yake ya ngozi, akakosa lengo kidogo tu. Akawaza: kumbe nguo ndiyo inanichelewesha. Akavua zote akabaki na kaptura ya kuogelea, kofia ya kuogea na viatu vya kuazima, akalala kifudifudi juu ya pikipiki miguu imenyooka nyuma, akapiga zaidi ya kilomita 241 kwa saa. Picha yake ni mojawapo ya zile maarufu zaidi kwa historia ya pikipiki. Ile luku beach boy wa Diani anavaa kila siku ndiyo ilivunja rekodi ya Marekani. Lakini skiza: angeanguka, chumvi ingemchuna kama nazi kwa mbuzi. Yeye alijua hivyo, na ndiyo maana picha inachekesha na kutisha kwa pamoja.

Halafu kuna mzee Burt Munro wa New Zealand, huyu ndiye ninayempenda kuwaliko wote. Alinunua pikipiki ya Indian mwaka wa 1920, ikiwa na uwezo wa kama kilomita 88 kwa saa, akaikarabati kwa kibanda chake karibu maisha yake yote. Hakuwa na doh. Pistoni alikuwa anaziyeyusha na kuzimimina mwenyewe kwa mikebe. Zilikuwa zinapasuka kila mara. Badala ya kutupa vipande alivipanga kwa rafu, akaandika juu yake: Sadaka kwa Mungu wa Kasi. Agosti 1967, akiwa na miaka 68, akaweka rekodi ya daraja lake kule Bonneville na mtambo uleule. Akaja kutengenezewa filamu 2005, Anthony Hopkins akiwa ndani.

Ukiangalia vizuri ile rafu, utacheka kwanza, kisha utagundua ni daftari. Kila pistoni iliyopasuka imewekwa mahali ataiona. Mtu anayejicheka kwa namna hiyo hadanganyi mtu kuhusu kilichoharibika, na kwa chombo cha mbao kinachoteremka Golini, hiyo ni tabia inayookoa mguu.

Si vichekesho vyote huisha poa. Mbelgiji Camille Jenatzy, mtu wa kwanza kuvuka kilomita 100 kwa saa kwa gari, alifanya hivyo Aprili 1899 na gari la umeme alilolipa jina La Jamais Contente, yaani asiyeridhika kamwe. Alinusurika kasi zote hizo. Mwaka wa 1913 akaenda kuwinda na marafiki, akajificha kichakani akaguruma kama nguruwe mwitu ili awatishe. Alikuwa mzuri kwa kuigiza. Walimpiga risasi, akafa.

Ukitaka kuunda yako

Tuseme umeamua. Swali la kwanza ni mti gani, na hapa kusini mwa Pwani una bahati na una vizuizi.

Mvinje ndio rahisi kupata. Umepandwa kila mahali kuanzia Diani hadi Msambweni, umenyooka, ni mgumu. Shida yake ukipigilia msumari unapasuka, kwa hivyo toboa kwanza na utumie bolti. Mwembe ni mlaini zaidi, ndio wavuvi wamechongea mitumbwi tangu zamani, unafaa kwa kiti na mwili. Mnazi una ujanja: nje mgumu kama mfupa, katikati kama sponji. Ukikata duara la mnazi ufanye gurudumu, tundu la ekseli litakuwa palepale kwa sponji, na litapanuka kila ukitembea hadi gurudumu lianze kucheza densi.

Mkoko usiguse. Pale Gazi na Makongeni jamii inalinda mikoko yao kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, wanauza hewa ya ukaa na pesa inaingia kwa maji na shule za kijiji. Ukikata boriti pale kwa sababu ya mchezo, utakuwa umekata bomba la maji la mtu. Na Kaya Kinondo, hata ujiti ulioanguka hutoki nao. Hiyo ni misitu mitakatifu ya Wamijikenda, iko kwa orodha ya urithi wa dunia tangu 2008, na wazee hawatakuuliza kama wewe ni fundi ama la.

Gurudumu usikate kama kipande cha gogo, hata la mti mzuri. Gogo likikauka linasinyaa zaidi kuzunguka duara kuliko kuelekea katikati, ndiyo maana linapasuka mstari mmoja kama keki iliyokatwa. Chukua mbao bapa, zipange tabaka, moja wima na nyingine mlalo, gundi na bolti, kisha ndio ukate duara. Katikati weka beringi kuukuu ya boda. Mafundi huwa nazo tele. Nje vaa tairi.

Breki ndiyo itakusumbua zaidi. Ukiongeza kasi mara 2, kazi ya kukusimamisha inaongezeka mara 4. Kipande cha tairi kinachokusimamisha vizuri kwa kilomita 10 kwa saa, ukifika 20 kinahitaji nafasi mara 4 ile, na ukifika 40 kwa ule mteremko kutoka Kwale mjini kwenda Kombani, hesabu hiyo itakamilishwa na mti wa mwembe. Kwa hivyo jaribu breki tambarare kwanza, kasi ndogo, upime hatua ngapi unateleza kabla ya kusimama.

Helmeti, hata kama haina injini. Ukiweka injini ndio kabisa: kisheria hiyo sasa ni pikipiki, inataka usajili wa NTSA, bima, leseni na jaketi ya kuakisi mwanga, na afande wa Kombani hatatulizwa na stori ya Daimler.

Kupima bila kujidanganya

Huku kwetu kila msee ana stori ya kasi aliyowahi kupiga, na hakuna mwenye ushahidi. Watu wa Bonneville hawakubali mdomo. Kwa rekodi ya dunia lazima uende, kisha urudi njia ileile ndani ya muda uliowekwa, ndio wachukue wastani. Sababu unaijua kama umekulia hapa: upepo. Kusi likiwa limekaza, ukitoka Galu kuelekea Diani linakusukuma mgongoni, unajiona ndege. Rudi sasa uone.

Fanya hivi. Pima mita 100 kwa kamba ufukweni maji yakiwa yamekupwa, mchanga ukiwa mbichi na mgumu. Msee mmoja kila upande na simu. Ukienda kwa sekunde 12, hiyo ni kilomita 30 kwa saa. Ukirudi kwa sekunde 18, ni 20. Usiseme 25. Jumlisha: mita 200 kwa sekunde 30, ni kilomita 24 kwa saa. Hata wakubwa huteleza hapa. Rekodi ya mzee Munro ya 1967 ilikuwa imepigwa hesabu ya wastani vibaya, ikarekebishwa 2014, miaka 36 baada ya kufa kwake. Ilipanda kutoka kama kilomita 295 hadi 296.

Kabla ya yote tembea njia yako kwa miguu. Kule Hakskeen Pan, Afrika Kusini, ambapo gari la Bloodhound lilivuka kilomita 1,000 kwa saa mwaka wa 2019, zaidi ya watu 300 wa vijiji vya karibu waliokota mawe kwa mkono, maelfu ya tani, ndio njia ikawa safi. Yako ni mita 100 tu. Ondoa vipande vya matumbawe na vifuu, angalia kamba za mashua, na ukikuta alama za kiota cha kasa, sogeza mstari wako mbele.