Ndumilakuwili: Neno la Nyoka na Pori la Rungwa

Wanafunzi wangu hupenda kumwita ndumilakuwili kila mwanasiasa aliyehama chama. Naona tunalichakaza neno. Anayebadili msimamo hadharani aweza kuwa kigeugeu, lakini hajaficha kitu.

Ndumilakuwili ni mwenye kuuma kuwili, yaani pande mbili. Ni jina la nyoka mdogo aishiye ardhini; mkia wake butu hufanana na kichwa, watu wakaamini ana vichwa viwili. Kwa hakika hana sumu, na chakula chake ni mchwa na sisimizi. Neno mwenzake, mnafiki, tumelipata katika Kiarabu, na wanaisimu wa kale wa lugha hiyo walilinasibisha na shimo la panya wa jangwani lenye mlango wa siri. Maneno yote mawili, basi, yametoka chini ya ardhi: kiini chake ni kuficha upande mmoja.

Kwa kipimo hicho naitazama Rungwa, mkoani Singida. Miongoni mwa wenyeji wake ni Wakimbu, warina asali na wawindaji wa tangu kale. Mwaka 1896 gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, alitoa amri ya kuuwekea uwindaji vibali. Mwaka 1951, chini ya Waingereza, likaanzishwa Pori la Akiba la Rungwa. Baada ya Uhuru zikaja sheria za 1974 na 2009. Hii ya pili yasema wanyamapori ni mali ya umma, Rais akiwa mdhamini. Hata hivyo, mgeni mwenye leseni akiua simba huitwa mtalii. Mwanakijiji akiua swala bila kibali huitwa jangili.

Je, sheria hiyo ni ndumilakuwili? Nasema hapana. Twaweza kuilaumu kwa kukosa usawa, lakini masharti yake yameandikwa, kila mtu ayasome. Undumilakuwili huanza kinywani mwa mtendaji: mkutanoni kijijini huwaambia wananchi, "Wanyama hawa ni wenu", ofisini humwambia mwekezaji, "Kitalu hiki ni chako, usijali kelele za kijiji."

Tofauti hii ina uzito. Sheria mbaya hurekebishwa bungeni. Ndumilakuwili hatibiwi na bunge, maana ataisifu hata sheria mpya kwa vinywa vyote viwili. Mtumishi wa umma apimwe hivi: ayaseme maneno yale yale mbele ya mwanakijiji na mwekezaji waliokaa meza moja, na yaandikwe katika muhtasari.