Tamthilia na Darasa la Umma: Kutoka Gungu la Liyongo Hata Jukwaa la Butere

Nchi ya chini ya mto Tana, kutoka Garsen kuteremka hata Kilelengwani, Ozi na Kipini, pale maji ya mto yanapoingia baharini, haitajwi katika khabari za majumba ya michezo ya kuigiza, na waandishi wa tarikh ya tamthilia ya Kenya aghalabu huanza Nairobi wakaishia Nairobi. Lakini mwenye insafu hawezi kuipita nchi hiyo kimya, kwa kuwa imeipa sanaa hii vitu viwili vyenye thamani, kwanza kisa cha mfungwa aliyeokolewa na ngoma, na pili sauti ya wimbo ambao wasichana wa shule moja waliuimba siku walipopelekwa jukwaani pasipo watazamaji. Kati ya vitu hivyo viwili imo hoja ninayotaka kuieleza, nayo ni kwamba tamthilia ya siasa hufundisha zaidi kwa ule mkusanyiko wa watu wanaoitunga, wanaoisahihisha na kuijibu kuliko kwa maandishi yake, na kwamba watawala wamelitambua jambo hilo mapema kuliko walimu.

Kisa cha kwanza ni cha Fumo Liyongo, shujaa na malenga ambaye mapokeo ya pwani humnasibisha na Ozi na kulionyesha kaburi lake Kipini. Katika utendi ulioandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, Liyongo ametiwa gerezani kwa amri ya mfalme wa Pate aliyeuhofia utukufu wake, naye akamtumia mama yake salamu zilizofumbwa katika shairi, kwa ulimi wa kijakazi Saada, kwamba afanye mkate wa wishwa na ndani yake atie tupa. Na walinzi, ambao walikuwa na desturi ya kula chakula kizuri cha mfungwa na kumwachia kibaya, wakaupitisha mkate ule kwa dharau. Alipoulizwa haja yake ya mwisho kabla ya kuuawa, Liyongo aliomba ngoma ya gungu ichezwe na watu wa mji, akawafundisha nyimbo, na katika vishindo vya ngoma na matoazi akakata minyororo yake kwa tupa asisikiwe na mtu. Wapo wanaokisoma kisa hiki kama hadithi ya ujanja tu, nami naona wanakipunja. Mfalme alikuwa na walinzi wa mlango na hakuwa na mlinzi wa ngoma, na mji mzima, wengine kwa kujua na wengine kwa kutojua, ulishiriki katika kumfungua mfungwa wake.

Zama za ukoloni zilikuja na tamthilia ya namna nyingine, yenye kitabu, pazia na tiketi. Katika Alliance High School, hapo Kikuyu, wanafunzi wa miaka ya hamsini walitunga na kuigiza michezo ya Kiswahili, na mmoja katika hiyo, Nakupenda Lakini wa Henry Kuria, ukapigwa chapa mwaka 1957. Mwaka huo huo zikatoka Afadhali Mchawi na Mgeni Karibu za Graham Hyslop, Mwingereza aliyekuwa afisa wa serikali wa muziki na michezo ya kuigiza. Michezo hii ilikuwa na uchangamfu na Kiswahili chepesi, nayo ilifundisha adabu, mambo ya nyumbani na hasara ya itikadi za uchawi. Juu ya kambi za kizuizi za vita vya Mau Mau, ambazo wakati ule zilikuwa zimejaa watu maelfu, michezo hii haikuwa na neno. Huo nao ulikuwa msimamo wa siasa, na msomaji asidanganywe na kicheko chake. Hyslop huyo huyo, mwaka 1963, alikuwa mmoja wa watu watano waliotunga wimbo wa taifa la Kenya, pamoja na George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi, na sauti waliyoichagua ilikuwa ya wimbo ambao mama wa Kipokomo, katika kingo za Tana, humbembelezea mtoto.

Tanzania, baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967, ilifuata njia ya kuihimiza sanaa badala ya kuichelea. Mathias Mnyampala alizieneza ngonjera, majibizano ya kishairi ambayo watoto wa shule waliyasema mbele ya wazazi na viongozi, na Ebrahim Hussein akatoa Kinjeketile mwaka 1969, tamthilia ya vita vya Maji Maji ambayo inasomwa hata leo. Tofauti ya kazi hizi mbili ni kubwa. Ngonjera kwa kawaida ilikuwa na mjinga anayeuliza na mwerevu anayejibu, na mwerevu ndiye aliyekuwa na siasa ya chama. Kinjeketile ilimwacha mtazamaji na shaka, akitafakari kama uongo uletao umoja ni halali. Nathubutu kusema ya pili ndiyo iliyofundisha.

Lakini mahali ambapo jambo hili lilijaribiwa kwa ukamilifu wake ni Kamiriithu, kijiji cha Limuru, makazi ya vibarua wa mashamba ya chai na wafanyakazi wa kiwanda cha viatu. Hapo, Julai 1976, lilianzishwa darasa la watu wazima wasiojua kusoma, na wakuu wa shughuli hiyo walikuwa wamezisoma fikra za Paulo Freire wa Brazili, aliyefundisha kwamba mtu mzima hujifunza herufi kwa haraka anapojifunza pamoja nazo khabari za maisha yake mwenyewe. Wanafunzi walipokwisha kujua kusoma wakataka kitu cha kuendelea nacho, na kituo kilihitaji fedha, basi Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii wakapewa kazi ya kuandika mchezo kwa lugha ya Kikuyu, ambao uliitwa Ngaahika Ndeenda, khabari za kibarua Kiguunda na mkewe Wangeci, wenye eka moja na nusu ya ardhi na hati yake ukutani, na jinsi tajiri alivyowatoa katika ardhi hiyo kwa njia ya harusi ya kanisani na mkopo wa benki.

Hapo ndipo waandishi waliposomeshwa na wanafunzi wao. Maandishi yalisomwa mbele ya watu, na watu wakayakosoa: wazee wakasahihisha nyimbo na taratibu za arusi ya kikwao, waliopigana msituni wakasahihisha khabari za vita, na vibarua wakataka hesabu ya ujira na faida isemwe wazi. Mazoezi yalifanywa hadharani, kila apitaye akawa na haki ya kusimama na kutoa rai, hata siku ya kuonyeshwa ilipofika kijiji kizima kilikuwa kinayajua maneno kwa moyo. Jukwaa nalo lilikuwa kazi yao: walipanga kwanza njiti za kibiriti juu ya ardhi, kisha wakaunda kielelezo kidogo, na mwisho wakajenga uwanja wa wazi, usio na paa, wenye nafasi za watu zaidi ya 2,000. Kimani Gecau ndiye aliyeongoza uigizaji.

Mchezo ulifunguliwa tarehe 2 Oktoba 1977. Watu walikuja kwa mabasi na kwa miguu kutoka wilaya za mbali, na haikutimia miezi miwili, mkuu wa wilaya ya Kiambu akauondolea ruhusa. Usiku wa kuamkia 31 Desemba Ngugi wa Thiong'o alichukuliwa nyumbani kwake, akawekwa katika gereza la Kamiti pasipo kushitakiwa, asitoke hata Desemba 1978. Na sasa msomaji alitazame jambo hili kwa makini: mwaka 1980 mchezo ule ule, kwa maneno yale yale, ulichapwa kitabu na kuuzwa madukani, na serikali haikukizuia. Mtu aliruhusiwa kuusoma peke yake chini ya taa. Watu elfu mbili hawakuruhusiwa kuutazama pamoja. Mwaka 1982 kikundi kilipotaka kuonyesha mchezo mwingine, Maitu Njugira, milango ya Jumba la Taifa la michezo ilifungwa, mazoezi yakahamia Chuo Kikuu cha Nairobi yakavuta watu maelfu, nayo yakakatazwa. Na mwezi Machi wa mwaka huo polisi wakaubomoa uwanja wa Kamiriithu. Ngugi wa Mirii na Gecau walikimbilia Zimbabwe wakaendelea na kazi huko.

Katika miaka hiyo hiyo ya themanini mwanzoni, walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwamo Penina Mlama, walikwenda Malya, mkoa wa Mwanza, wakakaa na vijana wa kijiji, wakawauliza matatizo yao, wakayageuza kuwa ngoma na maigizo, na baada ya kila onyesho wakaitisha mjadala. Augusto Boal, Mbrazili mwingine, alikuwa amekwisha kufanya jambo linalokaribiana na hilo huko Peru mwaka 1973: mtazamaji husimamisha mchezo, huingia mahali pa mwigizaji, na kuonyesha angefanya nini yeye.

Kenya ikarejea mafunzo ya Kamiriithu kwa mkono wa watoto. Shule ya wasichana ya Butere mwaka 2013 iliandaa Shackles of Doom, mchezo wa Cleophas Malala juu ya dhuluma katika kugawa mali ya nchi. Ukazuiwa, na Mahakama Kuu ikaamuru uchezwe. Mwaka 2025 shule hiyo hiyo ikaja na Echoes of War, wa mwandishi yule yule, na kwa mara nyingine ikahitajika amri ya mahakama ili wasichana waingie katika mashindano ya kitaifa huko Nakuru. Waliingia tarehe 10 Aprili, ila mwandishi na mwelekezi wao alikuwa amekamatwa, wanahabari na wananchi waliokaribia walifukuzwa kwa moshi wa kutoa machozi, na mbele ya jukwaa hapakuwa na hadhira. Mahakama iliyaokoa maandishi, hadhira haikuokolewa. Wasichana waliimba wimbo wa taifa, ile sauti ya mama wa Tana, wakaondoka pasipo kucheza.

Kilelengwani inajua maana ya watu kukatazwa kukutana. Tarehe 10 Septemba 2012, katika fitina ya Wapokomo, wakulima, na Waorma, wafugaji, iliyowaka tangu Agosti, kijiji kilishambuliwa, wakauawa watu zaidi ya thelathini, watoto na askari polisi wakiwa miongoni mwao, na serikali ikatoa amri ya kutotoka nje usiku. Asili ya ugomvi ni ya kale na yajulikana na kila mtoto wa huko: mkulima ana shamba kando ya mto, mfugaji ana ng'ombe wenye kiu, na malka, njia ya kupitisha mifugo hata majini, hukatiza katikati ya mpunga na migomba. Wakati wa kiangazi wote wawili wana haki na wote wawili wana njaa. Mikutano ya amani imefanywa mingi, na aghalabu huwa na meza kuu, wageni na hotuba, nao wenye shamba na wenye ng'ombe huketi kusikiliza.

Nawasihi basi walimu wa shule za Garsen na Kipini, pamoja na wazee wa pande zote mbili, wautunge mchezo wa malka wakiwa pamoja, kijana wa Kiorma ashike jembe na kijana wa Kipokomo achunge ng'ombe, na mazoezi yafanywe chini ya mwembe mahali ambapo kila mpita njia anaweza kusimama na kusema hapana, sivyo ilivyokuwa. Katiba ya mwaka 2010 inaulinda ubunifu wa sanaa katika ibara ya 33 na mkusanyiko wa amani katika ibara ya 37. Zoezi la kwanza lianze kabla ng'ombe hawajateremka mtoni.